Ukihamia majuu, usizibe tundu linalokuletea baridi

MSEE akipata visa ya Marekani ama Canada, mawaidha huwa hayaishi. Shangazi anamwambia abebe unga wa ugali na majani chai. Mabeshte wanamwambia anunue jaketi nzito. Mjomba anamkumbusha asisahau walio nyumbani. Lakini ni nadra upate mtu akimwambia kuhusu ile mashine itakayokuwa ikiwaka usiku kucha kwenye kistoo karibu na kitanda chake, na hewa ambayo mashine hiyo inahitaji ili isimuue.

Si kutishana. Kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kinasema zaidi ya watu 400 hufa kila mwaka nchini humo kwa kuvuta gesi ya kaboni monoksidi bila kukusudia, mbali na wanaokufa kwenye mikasa ya moto. Wengine zaidi ya 100,000 hukimbizwa hospitalini. Si wote waliodhuriwa na mashine za kupasha nyumba joto, kwa sababu jenereta na magari pia humo. Ila msimu wa baridi ndio mbaya zaidi, maana ndipo madirisha hufungwa na moto huwashwa.

Kwa hivyo kama unapanga safari, ama una dada, binamu au beshte ambaye tayari yuko huko, soma hii polepole.

Mashine yenyewe

Hapa kwetu baridi ya Julai ikikaza tunavaa sweta mbili na kulala mapema. Kule Minnesota, ambako Wakenya wengi wamejenga maisha, usiku wa Januari baridi inaweza kushuka hadi nyuzi 20 chini ya sufuri. Hapo sweta haisaidii kitu. Nyumba nyingi zina tanuri la gesi ambalo wenyeji wanaliita fanesi. Ni kama kabati la chuma, na mara nyingi liko bezimenti, yaani kile chumba cha chini ya nyumba, ama limefichwa kwenye kistoo.

Ndani yake gesi inawaka na kupasha vyuma moto. Feni inapuliza hewa ya nyumba ipite nje ya vyuma hivyo, ipate joto, kisha isambae vyumbani. Moshi wa ile gesi unapita ndani ya vyuma, unaingia kwenye bomba na kutoka nje ya nyumba. Moshi na hewa unayopumua havikutani. Hivyo ndivyo inavyotakikana.

Sasa, moto wowote unahitaji hewa, na fanesi hazitoi hewa mahali pamoja. Nyingi za kisasa zina mabomba mawili ya plastiki. Moja linavuta hewa kutoka nje na lingine linatoa moshi, kwa hivyo hewa ya chumbani haiguswi. Lakini kuna zile zinazovuta hewa ya humo humo ndani ya nyumba. Za zamani utazijua kwa bomba la chuma linalopanda hadi kwenye dohani na kutokea juu ya paa. Hata mashine mpya yenye bomba la plastiki, ukiona ni moja tu linalotoka kwenye mashine, basi kuna uwezekano mkubwa hewa ya kuchomea inatoka chumba ulichosimama.

Aina hii si mbaya yenyewe. Watu wamekaa nayo miaka na miaka bila shida. Inachohitaji ni vitu viwili tu: njia ya hewa kuingia na njia ya moshi kutoka. Ukiharibu ya kwanza, ya pili nayo inaharibika. Hapo ndipo wageni wengi wanaweza kujichoma bila kujua.

Blanketi kwenye bomba

Beshte wangu mmoja aliyetua huko juzijuzi alinipigia video akitaka kunionyesha keja yake ya bezimenti. Tulipofika kwenye kistoo cha fanesi, niliona bomba nene limeshuka kutoka ukutani hadi ndani ya ndoo ya plastiki iliyowekwa sakafuni. Mdomo wa bomba uko wazi, haujaunganishwa na kitu chochote.

"Buda, hii kitu inapuliza baridi kama friji, na bili ya gesi ni mimi nalipa," akaniambia. Alikuwa ameshaliziba na blanketi.

Ukiwa umetoka Pipeline ama Zimmerman, utamwelewa kabisa. Kwetu, upepo ukipita chini ya mlango unatafuta nguo kuukuu unaziba. Nani aache baridi ya barafu iingie ndani na joto analinunua kwa dola?

Kumbe lile bomba halikusahauliwa na mjenzi. Liliwekwa kimakusudi kuleta hewa ya kuchomea gesi. Ile ndoo nayo ina kazi yake: hewa baridi ni nzito, kwa hivyo inatulia ndani ya ndoo badala ya kumwagika sakafuni ovyo. Fanesi ama hita ya maji ikiwaka, inavuta hewa hiyo. Fundi alipofika kukagua, alitoa blanketi kabla hata hajamaliza kusalimia.

Si bomba pekee. Kwenye nyumba nyingine utapata mlango wa kistoo una mianya ya kulalia, ama ukuta una nyavu mbili za chuma, moja karibu na dari na nyingine karibu na sakafu. Mtu akija anaona ni urembo, anabandika kadibodi ama anaegemeza godoro hapo. Mwingine anajaza kistoo masanduku na nguo hadi mashine haionekani. Wote hao wameiziba pua mashine inayolala nao.

Hesabu ya hewa

Ukitaka kujua kama chumba kina hewa ya kutosha, mafundi wa Marekani wana hesabu inayojulikana. Ubavuni mwa kila mashine kuna kibati kinachoonyesha nguvu yake kwa BTU kwa saa, ambacho ni kipimo cha joto. Kwa kila BTU 1,000, nafasi iliyopo iwe angalau futi 50 za ujazo.

Tuseme fanesi ni ya BTU 80,000 na kando yake kuna hita ya maji ya BTU 40,000. Jumla ni 120,000. Zidisha 120 kwa 50, unapata futi za ujazo 6,000. Sasa chukua bedsita ya kawaida ya futi 10 kwa 10, yenye dari ya futi 8. Hiyo ni futi za ujazo 800. Kwa hivyo mashine hizo mbili zinahitaji nafasi ya bedsita saba na nusu ili zipumue vizuri. Kistoo kidogo hakiwezi kutosha hata robo.

Ndiyo maana zile nyavu mbili huwekwa. Zinakiunganisha kistoo na sehemu nyingine ya nyumba iliyo kubwa. Kanuni ya kawaida ni inchi mraba 1 kwa kila BTU 1,000, na kila upenyo usipungue inchi mraba 100. Kwa mfano wetu, kila upenyo unahitaji inchi mraba 120 zilizo wazi kabisa, tuseme inchi 10 kwa 12, ambayo ni kubwa kidogo kuliko karatasi ya A4. Tena vyuma vya wavu vinakula nafasi, kwa hivyo wavu wenyewe lazima uwe mkubwa zaidi ya hapo. Mmoja uwe ndani ya inchi 12 kutoka dari, mwingine ndani ya inchi 12 kutoka sakafu.

Nyumba ikiwa imebanwa sana hivi kwamba upepo haupenyi popote, hata hesabu hiyo inaweza kudanganya. Hapo ndipo bomba la kuleta hewa kutoka nje linaingia, kama lile la kwenye ndoo.

Moshi unavyorudi

Fanesi nyingi za zamani na hita nyingi za maji hazina feni ya kusukuma moshi. Zinategemea jambo moja: moshi moto ni mwepesi kuliko hewa baridi, kwa hivyo unapanda wenyewe. Nguvu hiyo ni ndogo sana. Kitu kidogo kinaweza kuishinda.

Chukua chupa ya plastiki, weka mdomo wako na uinyonye bila kuacha hewa nyingine iingie. Chupa inajikunja. Nyumba iliyofungwa kila mahali nayo inanyonywa hivyo hivyo. Feni ya jikoni inatoa hewa nje. Feni ya bafu inatoa hewa nje. Mashine ya kukausha nguo nayo inatoa hewa nyingi nje. Hewa ikitoka, nyingine lazima iingie kuchukua nafasi yake. Ikikosa pa kuingilia, inashuka kupitia dohani, na inaporudi inarudi na moshi.

Mbaya zaidi, moshi ukijaa kistooni, moto unaanza kuvuta ule moshi badala ya hewa safi. Gesi ikiungua vizuri inatoa kaboni dioksidi na mvuke. Ikikosa oksijeni ya kutosha inatoa kaboni monoksidi. Sasa mashine inakula uchafu wake yenyewe, na kila dakika sumu inaongezeka.

Kuna mtego mwingine ambao hata wenye nyumba huukosa. Landilodi ananunua fanesi mpya ya mabomba ya plastiki, ile ya zamani inatupwa. Hita ya maji inabaki peke yake kwenye dohani iliyojengwa kubeba moshi wa mashine mbili. Dohani imekuwa kubwa mno kwa moshi huo mdogo. Haipati joto la kutosha, moshi unapoa njiani na kushindwa kupanda. Kila mtu anafurahia fanesi mpya, na hita ya maji imeachwa yatima.

Halafu kuna kuziba. Ndege wanajenga kiota kwenye dohani, tofali linaanguka ndani, theluji inafunika bomba lililotokea ukutani. Desemba 2008, mjini Woodstock katika jimbo la Ontario, Canada, afisa wa polisi Laurie Hawkins, mumewe na watoto wao wawili waliuawa na kaboni monoksidi nyumbani kwao. Njia ya kutoa moshi wa meko yao ya gesi ilikuwa imeziba, na nyumba haikuwa na king'ora cha gesi hiyo. Jamaa zao walipigania mabadiliko, na mwaka 2013 Ontario ikapitisha sheria inayobeba majina ya Hawkins na Gignac, inayolazimisha nyumba zenye mashine kama hizo kuwa na ving'ora.

Wala pesa hazikingi. Vitas Gerulaitis, bingwa wa tenisi aliyeshinda Australian Open mwaka 1977, alifariki Septemba 1994 akiwa na miaka 40 tu, akiwa amelala kwenye nyumba ya wageni huko Southampton, New York. Hita ya bwawa la kuogelea haikuwa imewekwa sawasawa, na moshi wake ukaingia alikolala.

Gesi isiyo na harufu

Sisi tuliozoea mtungi wa gesi tunajiamini sana kwa pua. Mtungi ukivuja tunanusa, tunafungua dirisha, maisha yanaendelea. Lakini harufu hiyo huongezwa na kampuni kimakusudi ili uvujaji ujulikane. Gesi ikishaungua, harufu imekwisha. Kaboni monoksidi haina harufu, haina rangi, haiwashi macho. Inashikamana na damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hivyo unaendelea kupumua kawaida huku mwili unakosa hewa.

Dalili zake zinafanana na homa: kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, mwili kuchoka. Tofauti ni kwamba mwili haupati joto, na watu wengi wa nyumba moja wanaugua pamoja. Ukitoka kwenda kazini unapata nafuu, ukirudi kulala inaanza tena. Msee anayepiga shifti mbili atasema ni uchovu tu. Hapo ndipo noma huanzia.

Wengine wanatoroka fanesi na kurudia mbinu za nyumbani. Februari 2021 stima ilipopotea Texas kwenye dhoruba ya barafu, watu waliingiza majiko ya makaa ndani na wengine wakawasha magari kwenye gereji ili wapate joto. Mamia walitibiwa kwa sumu hii na wengine wakafa. Jiko la makaa halina bomba la moshi kabisa, iwe Houston ama Limuru. Fanesi mbovu angalau ina njia inayoweza kurekebishwa.

Kagua kabla ya baridi

Huhitaji kuwa fundi kuona dalili. Angalia haya siku ya kuhamia:

• Bomba la moshi linapanda kila hatua, angalau robo inchi kwa kila futi. Likilala ama kushuka mahali, moshi unakwama hapo.

• Viungo vyake vimekazwa kwa skrubu. Bomba lililoshikiliwa kwa gundi ya karatasi ama waya ni kazi ya ovyo.

• Hakuna masizi, kutu nyingi ama plastiki iliyoyeyuka juu ya hita ya maji. Hizo ni alama kwamba moshi umekuwa ukirudi.

• Moto ni wa buluu. Ukiwa wa manjano na unayumbayumba, haupati hewa ya kutosha. Lakini usijipe moyo sana kwa buluu, kwa sababu moshi unaweza kurudi hata moto ukionekana mzuri.

• Madirisha hayatoki jasho kila mara mashine inapowaka.

Kuna jaribio moja linalohitaji kijiti cha udi tu. Funga milango na madirisha. Washa feni ya jikoni, ya bafu na mashine ya kukausha nguo, zote pamoja. Fungulia maji moto hadi hita iwake, ngoja dakika 5. Juu ya hita za kawaida kuna kofia ya chuma yenye uwazi, kabla bomba halijaanza. Weka moshi wa udi kando ya uwazi huo. Ukivutwa ndani, hali ni nzuri kwa wakati huo. Ukipeperushwa kukujia usoni, zima hita, fungua madirisha, toka, na usiiwashe tena hadi fundi aje.

Usifungue mashine yenyewe, usikate bomba, usitoboe ukuta kwa video za mtandaoni. Hiyo ni kazi ya mtu mwenye leseni na kifaa cha kupima gesi, na inafaa ifanywe kila mwaka kabla ya baridi kuanza.

Landilodi na king'ora

Kuna watu hukodisha kila kona ya bezimenti, hata pale fanesi ilipo. Anaweka kitanda, pazia na bei ya chini, na mgeni anaona ameokoa dola. Kwa kawaida kanuni za ujenzi za huko haziruhusu mashine ya aina hii ivute hewa ya chumba cha kulala. Ukionyeshwa keja ambayo kitanda na fanesi vinatazamana, uliza swali moja: hii mashine inatoa wapi hewa? Akianza kuzungukazunguka, tafuta kwingine.

Ukiwa umeshaingia, mwandikie landilodi ujumbe ili kuwe na ushahidi. Usitukane, usilalamike sana. Mwambie umeona masizi juu ya hita, taja tarehe, tuma picha na umwombe alete fundi wiki hiyo. Najua kuna mtu anaogopa kufukuzwa, hasa kama jina lake haliko kwenye mkataba wa nyumba. Lakini idara ya zimamoto haitafuti karatasi zako ikiitwa kwa sababu ya gesi. Inatafuta gesi.

Na kabla hujanunua runinga, nunua king'ora cha kaboni monoksidi. Bei yake mara nyingi ni dola 20 hadi 40. Minnesota, sheria inataka kiwe ndani ya futi 10 kutoka kila chumba cha kulala. Usidhani king'ora cha moto kinatosha, maana vingi havinusi gesi hii. Angalia tarehe iliyoandikwa nyuma, kwa sababu vinazeeka, vingi baada ya miaka 7 hadi 10. Mlio mmoja kila baada ya muda mfupi huwa ni betri ama kifaa kimefika mwisho. Milio minne mfululizo inayojirudia ni hatari.

Ikilia minne, usianze kutafuta simu ya landilodi wala kuvaa vizuri. Amsha kila mtu, tokeni nje, hata kama ni theluji. Hesabuni watu, kisha pigeni 911 mkiwa huko nje. Msirudi ndani kuchukua kitu hadi wazimamoto wapime na waseme ni salama.

Kama huyo mtu wako yuko majuu sasa hivi, leo ukimpigia usiulize tu kama ametuma pesa. Mwambie ashike simu, aende kwenye kistoo cha fanesi akuonyeshe. Ukiona blanketi, godoro ama kadibodi karibu na tundu lolote, mwambie alitoe mkiwa bado mnaongea.